Ziba nyuso kwanza: namna ya kusoma uchumba katika chapa za karne ya 19

Chukua chapa yoyote ya wapenzi, yaani picha iliyopigwa kwa wino kutoka kwenye jiwe au bamba, iliyotolewa London, Paris au New York kati ya 1825 na 1880, kisha ziba nyuso za wahusika kwa kidole gumba. Hujapoteza kitu. Katika chapa za bei rahisi hasa, nyuso zote ni ndugu: macho makubwa, mdomo mdogo, shavu jekundu, shingo ndefu kupita kiasi. Habari yenyewe iko mikononi. Iko pia kwenye kiti na nani kakikalia, kwenye mlango na nani kaushika, na zaidi ya yote kwa mtu wa tatu, yule aliyeketi pembeni akijifanya anasoma au anashona.

Kabla ya kulaumu ladha ya watu wa zamani, kumbuka kwamba nyuso hizo zina sababu ya kiufundi. Sehemu kubwa ya chapa za mapenzi za bei nafuu ni litografia, ufundi uliobuniwa na Alois Senefelder huko Bavaria miaka ya mwisho ya karne ya 18. Jiwe la chokaa, lililo bora likiwa la machimbo ya Solnhofen, husagwa kwa mchanga na maji mpaka uso wake uwe na chembechembe laini. Mchoraji huchora kwa krayoni yenye nta, sabuni, shahamu na masizi. Jiwe likishachorwa hupakwa gundi ya mgunga iliyotiwa asidi ya naitriki kidogo, kisha hulowanishwa na kupitishiwa rola yenye wino wa mafuta. Penye mafuta wino hushika, penye maji huteleza.

Kazi nzima huwa salama au huharibika kwenye ile asidi. Ikizidi, hula kwanza vivuli vyepesi kabisa, na vivuli vyepesi kabisa katika picha ya wapenzi ni shavu, paji la uso na pembe ya mdomo. Uso unabaki mweupe kama sahani. Ikipungua, chembe zinajaa wino kadiri nakala zinavyotoka, na baada ya nakala mia kadhaa msichana anaanza kuota ndevu. Jasho la kidole likigusa jiwe, linatoka kama doa. Tone la mate linaacha doa jeupe. Karakana iliyokusudia kutoa maelfu ya nakala haikuthubutu kuweka maana ya picha kwenye kivuli cha kope. Iliiweka kwenye mkao wa mwili, mahali ambapo hata nakala mbovu ingeonekana vizuri.

Mtu wa tatu

Mfano bora wa mtu wa tatu umetoka kwa mchoraji Abraham Solomon. Mwaka 1854 alionyesha Royal Academy, London, picha ya behewa la daraja la kwanza: kijana na binti wanazungumza, na baba wa binti amelala usingizi pembeni yao. Leo ungeona ni utani mdogo tu wa safari. Wahakiki waliona vingine. Binti wa heshima anaongea na mwanamume asiyetambulishwa kwake, na mlinzi wake kafumba macho! Basi Solomon akachora toleo la pili mwaka 1855. Baba yu macho, ameketi katikati, kijana amegeuzwa kuwa ofisa wa jeshi la majini, na mazungumzo ni baina ya wanaume wawili. Binti yupo kando, anasikiliza.

Weka matoleo hayo mawili ubavuni na kanuni yote ya uchumba wa tabaka la kati la Uingereza iko mbele yako. Hisia za vijana hazikubadilika kati ya picha na picha. Kilichobadilika ni njia ambayo hisia hizo zinapita. Katika toleo la kwanza zinakwenda moja kwa moja. Katika la pili zinapitia kwa baba, ambaye kwanza anataka kujua kijana ana cheo gani, na cheo chake kinaonekana kwenye vifungo vya koti.

Solomon alichora pia picha pacha ya behewa la daraja la pili, na hapo hakuna anayependana na yeyote. Mama anaagana na mwanawe anayekwenda baharini, na nyuma yao kumebandikwa matangazo ya meli za kwenda Australia. Zote mbili zilichongwa na William Henry Simmons, yaani zilinakiliwa kwenye bamba ili zipigwe chapa, na kuuzwa kama jozi. Mnunuzi alining'iniza ukutani kwake tofauti ya tabaka akidhani ananing'iniza mapenzi na huzuni. Nani hupendana kwenye treni na nani hutengana kwenye treni lilikuwa suala la tiketi.

Mtu wa tatu si lazima awe binadamu. Saa ya ukutani, mbwa, picha ya babu ndani ya fremu, hata kofia ya mwanamume iliyowekwa juu ya kiti: vyote hufanya kazi hiyo. Kofia hasa inafaa kuitazama. Mgeni wa muda mfupi aliingia sebuleni na kofia na fimbo yake mkononi, kwa kuwa kuviacha ukumbini kungemaanisha amekuja kukaa. Kwa hiyo mchumba aliyechorwa kashika kofia bado anajieleza, na yule ambaye kofia yake iko chini au mezani ameshapewa nafasi.

Mikono, kwa karibu

Kwenye mikono hakuna wa kumshinda John Everett Millais, na chapa zilizotokana na picha zake ndizo zilizompeleka majumbani. Picha yake ya Mhugenoti (Mprotestanti wa Ufaransa), ya mwaka 1852, ilichongwa na Thomas Oldham Barlow na ikauzika sana. Tukio ni la Paris, 1572, siku ya mauaji ya Mtakatifu Bartolomayo. Binti Mkatoliki anamfunga mpenzi wake Mprotestanti kitambaa cheupe mkononi, alama ambayo ingemwokoa. Anamtazama usoni huku akikaza fundo. Kijana anamkumbatia, na papo hapo vidole vyake vinakivuta kitambaa hicho kisikaze. Fuata kitambaa kwa jicho tangu vidole vya mmoja mpaka vya mwenzake. Huyu anafunga, yule anafungua, na hakuna anayesukuma.

Miaka minane baadaye Millais alirudia wazo hilohilo kwa mlango. Katika The Black Brunswicker, 1860, askari wa Brunswick, Ujerumani, aliyevaa nyeusi anataka kutoka kwenda vitani, mwaka 1815, karibu na siku za Waterloo, vita alivyoshindwa Napoleon. Mwanamke aliyevaa hariri nyeupe ameweka mkono kwenye mlango anaufunga wakati yeye anaufungua. Ukutani nyuma yao imening'inizwa chapa ya Napoleon akivuka milima ya Alps, kutoka kwenye picha ya Jacques-Louis David. Tazama ujanja huo: mtu wa tatu ndani ya chumba ni adui, na ameingia kwa umbo la chapa, bidhaa ileile anayoitazama mnunuzi. Mfanyabiashara Ernest Gambart alilipa gini 1,000, fedha ya Kiingereza ya zamani, kwa picha hii. Muuza chapa hakutoa fedha kama hizo kwa turubai peke yake. Alinunua bamba litakalochongwa na kila karatasi itakayotoka juu yake, na mchongaji hapa alikuwa T. L. Atkinson.

Hariri ya gauni lile inaeleza kwa nini kazi za aina hii zilichongwa kwenye bamba badala ya kuchorwa kwenye jiwe. Mezotinti huanza na bamba lililochakazwa lote kwa chombo chenye meno madogo, ambalo likipigwa chapa wakati huo hutoa weusi mtupu. Mchongaji hukwangua na kulainisha pale anapotaka mwanga. Anakwenda kutoka gizani kuelekea nuru, na mikunjo ya hariri hutoka vizuri kuliko kwa ufundi mwingine wowote. Tatizo ni uhai wa bamba. Shaba laini huchakaa haraka, na mezotinti tupu juu ya shaba haikutoa zaidi ya nakala mia moja au mbili za hali ya juu. Kuanzia miaka ya 1820 mabamba ya feleji yaliongeza idadi hadi maelfu, lakini weusi wake ni mkavu zaidi, wa kijivu kidogo, na hivyo wachongaji wa kipindi cha Victoria wakachanganya mezotinti, mistari na vitone kwenye bamba moja. Chunguza gauni kwa lenzi na utaona aina zote tatu za ufundi zikipokezana ndani ya mkunjo mmoja.

Kuna pia Broken Vows ya Philip Hermogenes Calderon, 1856, iliyochongwa na Simmons mwaka 1859. Mwanamke ameegemea ukuta, macho kayafumba, mkono wake wenye pete ya uchumba unaonekana wazi. Nyuma ya uzio wa mbao mchumba wake anachezacheza na mwingine. Kwenye ubao wa uzio kuna herufi za majina zilizochongwa kwa kisu. Wauza chapa walipenda picha za namna hii kwa sababu mtazamaji anajua kuliko mhusika mmoja na anajua sawa na mwingine, hivyo anabaki akiitazama kwa muda mrefu. Kwa maoni yangu herufi za ubaoni zimezidi. Pete ilitosha.

Sheria nyuma ya pazia

Pete, barua na mlango havikuwa mapambo ya kimapenzi tu. Uingereza, mwanamke aliyevunjiwa ahadi ya ndoa aliweza kwenda mahakamani kudai fidia, na barua ndizo zilizokuwa ushahidi mzuri kuliko wote. Ukiona katika chapa kasha la barua lililofunguliwa juu ya meza, au barua ikielekea motoni, watazamaji wa wakati ule walielewa kwamba kinachoungua huenda ni kesi. Barua zenyewe ziliongezeka baada ya 1840, posta ilipoanza kupeleka barua isiyozidi nusu aunsi popote nchini kwa peni moja. Kabla ya hapo gharama ilitegemea umbali na kwa kawaida mpokeaji ndiye aliyelipa, kwa hiyo baba aliyelipia barua ya binti yake alikuwa na kila sababu ya kuuliza imetoka kwa nani.

Baba huyo alikuwa na sababu nyingine. Mpaka sheria za 1870 na 1882 zilipoanza kubadilisha mambo, fedha na vitu vya mwanamke wa Uingereza vilikuwa vya mumewe mara tu alipoolewa, isipokuwa familia yake iwe imeandika mkataba wa kuvilinda. Kumkubali mchumba kulikuwa kumkabidhi mali. Na kwa sheria ya 1753, aliye chini ya miaka 21 hakuweza kufunga ndoa kwa leseni bila idhini ya mzazi. Sheria hiyo iliishia mpakani mwa Scotland, na kijiji cha Gretna Green kiko hatua chache tu ng'ambo ya mpaka. Ndiyo maana chapa za kutoroka karibu zote zina vitu vilevile: gari la farasi, vumbi, msichana anayechungulia nyuma, na gari la pili kwa mbali. Mwaka 1856 ilipitishwa sheria iliyotaka mmoja wa wachumba awe amekaa Scotland siku 21 kabla ya ndoa. Chapa za kutoroka ziliendelea kuuzwa, ila sasa wahusika wakavishwa nguo za mababu.

Ufaransa, Kanuni ya Kiraia ya 1804 ilimtaka kijana wa kiume awe na idhini ya wazazi mpaka afike miaka 25, na wa kike mpaka 21. Talaka ilifutwa mwaka 1816 na haikurudishwa hadi 1884. Ukijua hilo, mfululizo wa mchoraji Honoré Daumier uitwao Moeurs conjugales (desturi za ndoa), uliotoka kati ya 1839 na 1842, unaacha kuwa kichekesho chepesi. Wanandoa wake wanaopigiana miayo hawakuwa na mlango wa kutokea.

Paris, ambako posa haipo

Chapa za Paris za miaka ya 1830 na 1840 zina mchepuko wake, na siasa ndiyo iliyouleta. Le Charivari, gazeti la Charles Philipon lililoanzishwa 1832, lilitoa litografia ya kumkejeli mfalme na mawaziri wake. Julai 1835 mtu alijaribu kumuua mfalme Louis-Philippe, na sheria za Septemba mwaka huohuo zikataka kila picha ipate kibali kabla ya kuchapishwa. Wachoraji waliokuwa wakichora mawaziri wakageukia sebule, vyumba vya kulala na dansi. Kwa hiyo kejeli ya ndoa katika chapa za Kifaransa ina makali ya watu waliozoea kuchora siasa na kunyimwa.

Kati ya wachoraji hao, Paul Gavarni ndiye aliyeujua ulimwengu huu kuliko wote. Wanawake anaowachora si wachumba kwa maana ya familia. Griseti ni mfanyakazi, mara nyingi mshonaji, anayeishi na mwanafunzi wa chuo kwa miaka michache mpaka mwanafunzi arudi kwao kuoa aliyechaguliwa. Loreti, aliyepata jina kutoka mtaa wa kanisa la Notre-Dame-de-Lorette, ni mwanamke anayetunzwa na mwanamume mwenye fedha, na pengine zaidi ya mmoja. Katika Les Lorettes, mfululizo wa mwanzoni mwa miaka ya 1840, mwanamke huketi vizuri na mwanamume husimama vibaya. Mwanamume ana kofia, ana kitambi, hajui aweke wapi mikono. Mwanamke amelala nusu kwenye sofa na hana haraka. Kanuni ya London imepinduliwa: anayesubiri jibu ni mwenye fedha.

Gavarni aliandika mwenyewe maneno ya chini ya picha zake, kwa kawaida mistari miwili ya mazungumzo, na bila maneno hayo picha nyingi haziko kamili. Ya Daumier mara nyingi yaliandikwa na wengine. Ndiyo sababu picha ya Daumier iliyokatwa maneno bado inasimama, na ya Gavarni iliyokatwa inakuwa watu wawili tu chumbani. Ukinunua Gavarni, nunua na ukingo wake wa chini.

Daumier, pamoja na ukubwa wake, si wa kumwamini kuhusu wanawake. Les Bas-bleus (soksi za buluu, jina la kejeli kwa wanawake wasomi), chapa 40 za mwaka 1844, inawasimanga wanawake waandishi. Katika mojawapo mama yuko mezani amezama kwenye kuandika, na nyuma yake mtoto katumbukia kichwa kwanza kwenye bafu. Imechorwa kwa ustadi wa kutisha na hoja yake ni dhaifu. Inachotuonyesha vizuri ni woga wa wasomaji wa Le Charivari, kwamba mke akishika kalamu hakuna atakayebaki kushika mtoto. Kwamba baba naye angeweza kumshika halikuwazwa, na hilo limejaa katika chapa nyingine za mfululizo huo ambapo mume mwenye mtoto mikononi ndiye kichekesho.

New York: mapenzi kwa jozi

Nathaniel Currier, mchapishaji wa New York, aliuza kitu tofauti. James Merritt Ives aliajiriwa kama mtunza hesabu mwaka 1852 na akawa mshirika mwaka 1857. Kampuni ilipofungwa 1907 ilikuwa imetoa zaidi ya picha 7,000 tofauti. Ndogo, za ukubwa wa karibu inchi 8 kwa 12, ziliuzwa rejareja kwa senti 15 hadi 25, na wachuuzi walizipata kwa senti 6. Kubwa zilifika dola 1.50 hadi 3.

Bei hiyo ndiyo iliyoamua yaliyomo. Picha ya senti 20 haina nafasi ya fumbo. Currier alitoa mwaka 1846 Ugomvi wa Wapenzi na Upatanisho wa Wapenzi, mbili zinazopaswa kukaa kushoto na kulia kwa kioo au saa. Kuna kuagana kwa baharia na kurudi kwa baharia. Jozi ilimfanya mteja anunue mara mbili, lakini ilifanya jambo jingine pia: ugomvi uliruhusiwa kuonyeshwa kwa kuwa upatanisho ulining'inia kando yake. Wauzaji wa leo wanaozitenganisha jozi, na wako wengi, wanauza nusu ya sentensi.

The Four Seasons of Life, ya 1868, inapanga maisha yote kwa chapa nne kubwa. Utoto ni msimu wa furaha, ujana ni wa mapenzi, umri wa kati ni wa nguvu, uzee ni wa kupumzika. Angalia njia. Katika ujana wapenzi wawili wako nje, wanatembea pamoja. Katika umri wa kati mume ndiye anayetoka njiani, na mke na watoto wanampokea nyumbani. Mwanamke ametembea katika picha moja tu, na ni ile ya uchumba.

Rangi zilitiwa kwa mkono, na karibu wote waliozitia walikuwa wanawake, wengi wahamiaji wa Kijerumani. Waliketi kwenye meza ndefu, nakala ya mfano ikiwa katikati, kila mmoja na rangi yake moja. Chapa ilipita kutoka mkono hadi mkono na mwishoni ilifika kwa msahihishaji. Agizo likiwa kubwa, walitumia vibao vilivyotobolewa. Makosa yake ni rahisi kuyaona: nyekundu ya shali iliyovuka mstari na kugusa mkono wa mwanamume, kijani cha majani kwenye kola, shavu lililopakwa kidoti duara kabisa. Sehemu nyeusi kama nywele na koti mara nyingi zilipitishiwa gundi ya mgunga zing'ae. Picha za wasichana kutoka nyumba za heshima zilipakwa rangi na wasichana wa karakana waliolipwa ujira mdogo, na nyumba hizo hazikuwapo katika mahesabu ya yeyote pale mezani.

Kuna wengine pia ambao picha hizi ziliwaacha nje. Huko Philadelphia, Edward Williams Clay alitoa kati ya 1828 na 1830 mfululizo wa Life in Philadelphia, na chapa zake nyingi zinawakejeli Waafrika-Wamarekani huru wa mji huo kwa kuvaa vizuri, kuamkiana kwa adabu na kuchumbiana. Mavazi, kofia, miavuli: kila kitu ambacho katika chapa ya wapenzi weupe ni alama ya staha, hapa kimekuzwa kiwe dhihaka. Mei 1838 umati ulichoma Pennsylvania Hall, jengo la wapinga utumwa lililokuwa limefunguliwa siku chache tu kabla, na mojawapo ya mambo yaliyoukasirisha lilikuwa kuona watu weusi na weupe wakitembea wameshikana mikono. Mwaka uliofuata Clay akatoa Practical Amalgamation, akidhihaki uchumba wa rangi mbili. Currier & Ives nao waliuza Darktown Comics, chapa za kuwadhihaki watu weusi, miaka ya 1880, na ziliuzika sana. Anayeandika juu ya chapa za mapenzi za Marekani akaziacha hizi nje, ameandika juu ya nusu ya ghala.

Kuitambua na kuitia tarehe

Nguo zinasema mapema kuliko kitu kingine. Mikono ya gauni iliyofura kama mito ni ya 1830 hadi 1835, na ilisinyaa mwaka 1836. Mikono ya kubana, kiuno kirefu chenye ncha na nywele laini zilizofunika masikio ni miaka ya 1840. Sketi ya duara kubwa haiwezekani kuwa ya kabla ya 1856, kwa sababu ndipo kizimba cha waya za feleji kilipoingia sokoni, na ilifikia upana wake mkuu karibu na 1860. Sketi iliyojaa nyuma ni ya mapema miaka ya 1870, kisha tena katikati ya 1880. Kwa wanaume, ndevu zilizojaa zilirudi Uingereza na vita vya Crimea, 1854 hadi 1856. Nguo hukupa tarehe ya mapema kabisa tu. Jiwe la zamani lingeweza kupigwa chapa miaka mingi baadaye, na picha za mavazi ya kihistoria hazikupi kitu.

Soma maandishi ya chini. Jina Currier & Ives haliwezi kuwa kwenye chapa ya kabla ya 1857. Anwani ya 152 Nassau Street inaishia 1872. Mwaka wa haki miliki ulioandikwa ni wa kusajiliwa kwa picha, na nakala uliyoshika yaweza kuwa ya baadaye. Kwa chapa za London tafuta muhuri mdogo uliobonyezwa bila wino pembeni: ni wa Printsellers' Association, iliyoanza 1847, na uliwekwa kwenye nakala za daraja la juu zilizosajiliwa.

Picha iliyochorwa kwenye jiwe hutoka imegeuzwa kama kwenye kioo. Mchoraji mwangalifu alinakili kinyume ili itoke sawa. Asiyejali, au mwizi wa picha ya mwenzake, alinakili moja kwa moja. Hivyo pete ya ndoa ikiwa mkono usio wake, upanga ukining'inia nyonga ya kulia, au koti la mwanamume limefungwa upande wa kike, shuku kwamba unatazama nakala ya nakala. Kabla ya kutoa hukumu kagua zaidi ya kidokezo kimoja, maana desturi ya mkono wa pete inatofautiana kati ya nchi na nchi.

Lenzi ya mara 10 humaliza ubishi mwingi. Litografia ya jiwe inaonyesha chembe zisizo na mpangilio, nzito na nyepesi zikichanganyika. Uchapaji wa kisasa una vitone vilivyojipanga kwa safu, na rangi zake nazo zimeundwa na vitone. Rangi ya mkono iko juu ya wino na haijali mstari. Bamba lililochongwa huacha alama ya kingo zake iliyobonyea kwenye karatasi, ingawa alama hiyo hukatwa au hubonyezwa bandia. Karatasi inayong'aa buluu kali chini ya taa ya urujuanimno ina kemikali za kuongeza weupe za karne ya 20.

Uharibifu wa kawaida una chanzo kimoja: fremu ya zamani. Nyuma ya chapa ziliwekwa mbao nyembamba, na asidi ya mbao hupita kwenye karatasi na kuacha michirizi ya kahawia inayofuata nyuzi zake. Kadi ya bei rahisi huacha mstari wa kahawia kuzunguka picha. Ondoa ubao huo leo, hata kama fremu ni nzuri, na uweke kadi ya pamba isiyo na asidi pande zote mbili, kioo kisiguse karatasi. Usiwahi kujaribu kuosha chapa iliyotiwa rangi kwa mkono: rangi nyingi huyeyuka kwa maji, na gundi inayong'arisha nywele na koti hutoka kwanza. Waridi za mashavu ndizo zinazokimbia mapema kwa mwanga. Ukikuta msichana mwenye gauni la buluu kali na uso uliopauka kabisa, amekaa ukutani mbele ya dirisha kwa miaka mingi. Na ukimkuta mwenye mashavu mekundu yanayowaka kuliko kitu kingine chochote kwenye karatasi, uliza nani kayapaka upya na lini.